Usisubiri masika ndipo uite gari la majitaka

Kila mwaka simu zetu hufuata mkondo uleule. Januari na Februari wanaopiga ni wachache, wengi wao wenye migahawa na nyumba za kupangisha waliokwisha kupokea notisi ya Bwana Afya. Mvua za Machi zikishaanza, simu zinakuja mfululizo, na kila mmoja anataka gari leo hii, maana maji yanarudi ndani kupitia sinki la choo. Siku hizo gari haliingii kila mtaa. Barabara za vumbi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinageuka tope, na lori lenye lita 10,000 mgongoni likizama, limezama. Tunaandika mapema ili wateja wetu wasifike huko.

Tuanze na hiyo notisi, kwa sababu ndiyo inayowatia watu hofu. Kila halmashauri hapa Dar es Salaam, iwe Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni au Jiji lenyewe, ina maafisa afya wanaofanya kazi hadi ngazi ya kata. Wanasimamia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 pamoja na sheria ndogo za halmashauri husika. Afisa akiingia kwenye nyumba au biashara anaangalia choo kipo, kina mfuniko, kimejaa au la, maji machafu yanaelekea wapi, taka zinahifadhiwa vipi. Kwa mama lishe na wenye migahawa anaongeza maji ya kunawa na vyeti vya kupima afya vya wahudumu. Akikuta kasoro anaandika ni kasoro gani na anakupa muda wa kuirekebisha. Soma kilichoandikwa, rekebisha hicho, kisha mwite aje akague tena. Tukikunyonyea choo tunakupa stakabadhi yenye tarehe; mwonyeshe, ni ushahidi wako kwamba umetekeleza. Na ikitokea umetozwa faini, lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi.

Wapo wanaomwona Bwana Afya kama msumbufu. Sisi tunaofungua mifuniko ya vyoo vya mji huu kila siku tunaona anachokiona, na tunasema wazi kwamba angepita mara nyingi zaidi mji ungekuwa salama zaidi.

Jambo linalotuuma kuliko yote ni kutapisha choo. Wenyeji wa Dar es Salaam wanajua maana yake. Mvua kubwa inaponyesha, hasa usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo au anafungua bomba alilolificha upande wa mfereji, kinyesi kinatoka na maji ya mvua, na asubuhi choo kina nafasi. Mwenye nyumba anaona ameokoa fedha ya gari. Lakini kile kilichotoka hakijapotea. Kimepita mbele ya milango ya jirani wa chini, kimeingia kwenye kisima kifupi cha mtaa, kimeishia Mto Msimbazi au kwenye mabonde ambako watoto wanacheza maji yakituama. Mtu anaweza kubeba vimelea vya kipindupindu tumboni bila kuugua hata kidogo, na vimelea hivyo hutoka na choo chake. Kwa hiyo hata nyumba ambayo hakuna mgonjwa inaweza kupeleka ugonjwa nyumba ya tatu.

Hatusemi hivi kutisha watu. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar, na kabla hakijatulia wagonjwa walipita 20,000. Waliouguza ndugu zao wakati ule wanakumbuka jinsi mtu mzima anavyoweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache tu. Kutapisha choo ni kosa la kisheria, ndiyo, lakini hata pasingekuwa na sheria, jirani yako hastahili hilo.

Sasa utajuaje choo chako kimefikia wapi? Kwa choo cha shimo, usingoje kijae hadi juu. Uchafu ukibakiza kama nusu mita kufika kwenye sakafu, wakati umefika. Shimo la duara lenye upana wa mita moja na nusu na kina cha mita tatu linabeba takribani lita 5,300, hivyo gari dogo la lita 5,000 karibu linalimaliza kwa safari moja. Ukijua vipimo vya shimo lako unaweza kukadiria gharama kabla hujatupigia, wala hakuna atakayekuuzia safari mbili usizozihitaji.

Tangi la septiki lina tabia tofauti. Ndani yake kuna tabaka tatu: juu povu la mafuta, katikati maji, chini tope. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, yaani shimo la pili ambamo udongo unayafyonza. Kwa nje tangi linaonekana limejaa wakati wote, na hivyo ndivyo lilivyokusudiwa, kwa hiyo kuchungulia tu hakukuambii kitu. Mafundi wetu wanachukua fimbo ndefu, wanaifunga kitambaa cheupe kuanzia chini kwenda juu, wanaizamisha taratibu hadi igote sakafu, wanaiacha kidogo na kuitoa. Sehemu ya kitambaa iliyoganda weusi mzito ndiyo kina cha tope. Likifika theluthi moja ya kina chote, linyonywe. Ukilichelewesha, tope linatoka pamoja na maji na kuziba vinyweleo vya udongo kwenye shimo la kunyonyea, na hapo hakuna gari litakalokusaidia. Utachimba shimo jipya. Tumewaona wateja wakilipia kunyonya kila mwezi wakidhani tangi ni dogo, kumbe kilichokufa ni shimo la pili.

Vinavyotupwa chooni vinachangia sana. Pempasi, taulo za kike, mifuko ya nailoni, matambara, hata mchanga wa kusugulia vyombo. Hivi haviozi kwa haraka na mpira wetu hauvimezi. Pempasi moja ikinasa kwenye mdomo wa mpira, pampu inavuma bila kuvuta kitu, kijana analazimika kuuchomoa mpira, kuinyofoa kwa ndoano, na kuanza upya. Kazi ya nusu saa inakuwa ya nusu siku, na mteja analipa zaidi. Weka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo, hasa kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na waelezeni wapangaji ni ya nini. Dawa kali za kusafishia nazo zitumike kwa kiasi, kwa sababu zinaua bakteria wanaolainisha uchafu ndani ya tangi.

Kwa migahawa, adui ni mafuta. Maji ya kuoshea masufuria yakiingia moja kwa moja kwenye bomba, mafuta yanapoa njiani na kuganda ukutani kama nta ya mshumaa hadi njia inabaki ya kupita kidole. Jengeni kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya bomba la kutokea, mkisafishe kila wiki, na mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yaingie kwenye dumu, yasiende kwenye sinki.

Kuna jambo moja hatutaki lijaribiwe na mtu yeyote: kuingia ndani ya shimo au tangi. Uchafu unaooza hutoa gesi, na mojawapo ina harufu ya yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani hewa imesafika ilhali ndipo anapokaribia kuanguka. Wa pili anashuka kumwokoa wa kwanza, naye anabaki humohumo. Vijana wetu hufungua mfuniko na kuuacha wazi kwa muda kabla ya kazi, hawavuti sigara karibu, na hakuna anayeshuka. Tunawaomba pia msiwatume wale vijana wanaoitwa vyura kuzama shimoni na ndoo kwa sababu tu ni bei nafuu. Wana familia kama nyinyi.

Kisha kuna swali ambalo wateja wachache sana hutuuliza, na tungependa waulize zaidi: mnamwaga wapi? Magari yetu yanapeleka majitaka kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti. Kule tunalipia kila tunapomwaga, na foleni ni ndefu asubuhi. Gharama hiyo imo ndani ya bei tunayokutajia. Gari likikupa bei ya chini mno kuliko wengine wote, jiulize linaokoa wapi. Mara nyingi linaokolea kwenye mto, usiku. Mwombe dereva akuonyeshe kibali cha kusafirisha majitaka na stakabadhi ya kumwaga ya safari iliyotangulia. Mwenye kazi halali hatachukia kuulizwa. Choo chako kikinyonywa leo na kumwagwa Msimbazi kesho, utakuwa umelipa fedha nzuri kufanya kilekile anachofanya anayetapisha.

Tunajua si kila nyumba inafikika. Manzese, Tandale na sehemu za Vingunguti vichochoro ni vya kupita mtu na baiskeli. Mpira wetu unavutwa hadi mita 60 kutoka gari lilipoegeshwa, na umbali ukizidi hapo tunakwambia ukweli badala ya kuja kula nauli yako. Yapo makundi ya mitaani yenye pampu ndogo za mkono na guta la magurudumu matatu yanayoingia kwenye njia hizo. Ofisi ya serikali ya mtaa au afisa afya wa kata atakuelekeza kwa yaliyosajiliwa.

Ukiwa na kisima nyumbani, angalia pia umbali wake na choo kabla ya mvua. Unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30. Viwanja vyetu vingi havitoshi, na kama chako ni kimojawapo, maji ya kisima hicho yawe ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, bila kujali yanaonekana masafi kiasi gani.

Unapopiga simu, tuambie mtaa na umbali kutoka barabara inayopitika na lori, kama ni shimo au septiki, na mara ya mwisho ilinyonywa lini. Tuambie pia mfuniko uko wapi. Nyumba nyingi zilizokarabatiwa zimetandikwa vigae juu ya mfuniko wa tangi, na tukifika tunazunguka ua mzima tukigongagonga sakafu. Kama ni hivyo kwako, tafuta fundi aufichue kabla ya siku ya miadi, na akirudishia vigae aache mfuniko ukionekana, wenye kishikio.