Mkoa ukigawanywa, rehani haifutiki

Ndugu Mhariri,

Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, viwanja vilibaki palepale, lakini hati za zamani bado zinataja Mbeya. Mwaka 2020 zikafunguliwa ofisi za ardhi za mikoa, na majalada nayo yakaanza kuhama. Hapo ndipo mnunuzi anapoweza kuumia: anapekua ofisi mpya, anaambiwa hati ni safi, kumbe rehani ya benki imo kwenye daftari la ofisi ya zamani. Rehani iliyosajiliwa haifi kwa kuwa mpaka umesogea, na rehani zikiwa mbili kwenye kiwanja kimoja, iliyosajiliwa kwanza hutangulia.

Wanunuzi, ombeni upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa daftari la hati, kwa namba ya hati, kitalu na kiwanja, mkitaja wilaya ya zamani na mpya, na ulizeni jalada liko wapi leo. Muuzaji mwenye kivuli tu cha hati aeleze hati halisi iko kwa nani. Mara nyingi iko benki. Kwa hatimiliki ya kimila, yaani hati ya ardhi ya kijiji, masjala ya wilaya haitoshi, fikeni na masjala ya ardhi ya kijiji. Wizara nayo ibandike kwenye kila ofisi orodha ya majalada yaliyohamishwa.

Msomaji, Mbeya