Wembamba wa vijana wa Japani si wa kuigwa

Mhariri,

Kurasa za afya hupenda kuitaja Japani kila vitambi vinapozungumzwa: samaki, chai ya kijani, watu wembamba, umri mrefu. Sifa hizo wamezichuma wazee wao. Kwa vijana, hasa wa kike, mambo ni mengine.

Utafiti wa kitaifa wa afya na lishe wa 2019 ulikuta asilimia 20.7 ya wanawake wa Japani wenye miaka ya ishirini wana BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) chini ya 18.5, yaani uzito pungufu. Ni mmoja kati ya watano, katika nchi ambayo chakula kimejaa madukani. (Wanaume wa rika hilo wanaelekea kwingine: asilimia 23 hivi wamefikia BMI 25, ambayo kule tayari huitwa unene.)

Si kwamba mabinti hawa hawajui hesabu. Hesabu ndiyo inayowaponza. Mitandaoni kwao kuna kanuni iitwayo "uzito wa Cinderella": chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha mara 20, kisha mara 0.9. Mwenye sentimita 158 anapata kilo 44.9. Jibu lina desimali, linafanana na la daktari. Lakini 20 mara 0.9 ni 18, kwa hiyo kanuni nzima ni BMI 18 iliyovishwa nguo nzuri. Kwa urefu huo uzito pungufu huanzia chini ya kilo 46.2, na uzito ambao madaktari wa Japani huuhesabu kuwa wa kawaida, BMI 22, ni kilo 54.9. Pengo ni kilo kumi, wala si za mafuta matupu. Anayeruka staftahi na kuacha wali hupoteza misuli pia, damu hupungua, hedhi huvurugika au hukatika. Hedhi ikikatika, estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, imeshuka, na mifupa huikosa katika miaka ileile inapopaswa kukamilisha akiba yake.

Mfumo wa afya wenyewe umechelewa kuliona hili. Upimaji maalumu wa kiuno ulioanza 2008, sentimita 85 kwa wanaume na 90 kwa wanawake, ni wa watu wa miaka 40 hadi 74, na unachotafuta ni kitambi. Binti wa miaka 22 mwenye kilo 44 hauhusiki naye. Akishaachana na chakula cha shule, mwalimu wake wa lishe ni simu. Chama cha wataalamu wa kisukari kimelazimika hata kuonya dhidi ya sindano za kisukari kutumiwa na wasio wagonjwa ili wakonde. Ni Aprili 2025 tu ambapo jumuiya ya Japani ya utafiti wa unene ilipendekeza wembamba huu wa wanawake utambuliwe kama tatizo la kitabibu lenye jina lake.

Kujua kusoma ni kitu kimoja, kupima ulichosoma ni kingine. Wafundishaji wa Japani wana neno la kusaidia: kachimonai, "haina hata thamani". Ka ni nani kaandika. Chi, je, kuna taarifa tofauti kwingine. Mo, chanzo chake ni kipi. Na, imeandikwa kwa lengo gani. I, imeandikwa lini. Kanuni ya Cinderella haivuki hata silabi ya pili, maana ukiiweka kando ya 18.5 tu imeumbuka.

Ombi letu kwa gazeti ni dogo. Mnapochapisha jedwali la BMI, msiishie kwenye 25 na 30. Chapeni na 18.5, na kando yake mwelezeni mjamzito kwamba mpaka huo unamhusu. Mwongozo wa Japani wa 2021 unataka aliyeanza mimba akiwa chini yake aongeze kilo 12 hadi 15. Awali aliambiwa 9 hadi 12.