Wachonga krenki watuandikie vipimo kwenye risiti

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Nyegezi aliyeandika kwamba injini ya turbo (inayosukumiwa hewa ndani ili itoe nguvu zaidi) ikishafumuliwa hapa Mwanza ndiyo basi, haitulii tena, na kwamba mwenye akili hununua injini ya mtumba kutoka Japani, ile ya kwanza akaipeleka kwenye chuma chakavu. Uchungu uliomfanya aandike hivyo naujua. Mimi nimeua injini kwa mikono yangu hii, na ujuzi wa kuiokoa nilikuwa nao.

Nilifanya kazi miaka 11 kwenye karakana ya mitambo mikubwa upande wa Geita. Kule injini haifungwi bila karatasi. Kila shingo ya krenki (krenki ni mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, shingo ni sehemu zake za mviringo zinazokaa ndani ya beringi) na kila silinda hupimwa, kipimo kikaandikwa, kisha mtu wa pili hupima upya na kutia sahihi. Nilipoacha kazi nikajenga banda nyuma ya nyumba yangu Igoma, sakafu nikaipaka rangi ili vumbi lisinyanyuke, nikaanza kufunga injini za Subaru za watu wanaopenda gari iondoke. Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe: Forester ya turbo, injini EJ205, silinda nne zilizolala, kipenyo milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 75.

Krenki niliipeleka kuchongwa mjini, kwa mtu ambaye sitamtaja. Shingo zinazoshika koni rodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenki, zilikuwa milimita 52. Zilitakiwa zishuke milimita 0.25 ili beringi za andasaizi 0.25, yaani zilizotengenezwa kwa shingo iliyopunguzwa kiasi hicho, zikae. Ilirudi inang'aa, imepakwa grisi, imeviringishwa kwenye gazeti. "Iko fiti, kaka," akaniambia. Boksi la beringi nalo liliandikwa 0.25. Maikromita yangu, kile kifaa cha kupimia unene mdogo sana, ilikuwa kabatini, hatua sita kutoka nilipokaa. Sikuitoa. Miaka 11 ya kusainiana karatasi, na siku ile nikaamini boksi na neno la mtu, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuisikia ikiunguruma kabla ya Jumapili.

Nikaifunga hivyo hivyo, gari ikatembea kilomita 640. Nikitokea Shinyanga, karibu na Misungwi, ikaanza kugonga chini, sauti kama ya mtu anayepigilia msumari kwenye debe. Nilizima palepale, nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Kesho yake nilikata chujio la oili kwa msumeno, nikaukunjua ule mkunjo wa karatasi juani. Ulijaa vipande vidogo mno, vingine vinameta kama magamba ya dagaa, vingine vya rangi ya shaba. Shaba ikionekana, ujue ngozi ya juu ya beringi imekwisha na kinacholika ni tabaka la chini yake.

Ndipo nikatoa maikromita. Shingo tatu zilikuwa bado hazijaumia, zote zilisoma 51.69. Zilitakiwa ziwe 51.75 hivi. Pungufu ni 0.06, kama unene wa unywele mmoja. Mtu atasema unywele ni nini kwenye chuma cha kilo zote zile? Nafasi ya oili kati ya krenki na beringi pale inatakiwa iwe 0.03 hadi 0.05, basi. Ikitakiwa 0.03 wewe ukawa na 0.09, umeitanua mara tatu, na oili inayotoka pembeni haiongezeki mara tatu. Huongezeka kwa nafasi kuzidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, yaani mara 27. Pampu ya oili haiwezi kuufidia mvujo huo. Presha inashuka, ule utando wa oili unaoinua krenki unakatika, chuma kinakutana na chuma. Kwenye gari ya kawaida ya kwenda sokoni unaweza kujikongoja miezi. Kwenye turbo, ambako kila mlipuko unaisukuma koni rodi kwa nguvu zaidi, hupati muda huo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nyegezi, injini haikuharibika kwa sababu ilifumuliwa. Injini ya mtumba unayoisifu nayo hujui shingo zake zinapima ngapi. Umelipia sauti yake tu.

Sasa hivi nafanya hivi. Krenki na maikromita vinalala pamoja bandani usiku kucha, napima alfajiri kabla bati halijapata moto, maana chuma kilichotoka juani kimevimba na kitakudanganya. Kila shingo mara nne: pande mbili, halafu ncha mbili. Wakati wa kufunga naweka kipande cha uzi laini wa plastiki wa kupimia juu ya shingo, nafunga kifuniko kwa spana ya kupima nguvu, nafungua tena bila kuzungusha chochote, nalinganisha upana wa uzi uliobanwa na mistari ya kwenye pakiti yake. Ringi, ile pete inayoziba kati ya pistoni na silinda, hali kadhalika: naiingiza peke yake ndani ya silinda, nainyoosha kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa, napima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 92 yenye turbo naacha 0.42 hivi. Ukibana zaidi, ringi ikipata moto ncha zinagongana na kingo za pistoni zinavunjika.

Na usiku wa mwandamo wa mwezi, wale wadudu wa ziwani wanapojaa kwenye taa, sifungui bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kabisa. Niliwahi kukuta kiganja kizima chao ndani ya silinda niliyokuwa nimemaliza kuisafisha. (Oili chafu naikusanya kwenye madumu. Wanaoimwaga mtaroni wakumbuke kwamba mto Mirongo unaishia ziwani, na maji ya bomba tunayatoa ziwa hilohilo.)

Ombi langu ni kwa wenye mashine za kuchonga krenki na bloku, kuanzia Nyakato hadi Mabatini. Tuandikieni vipimo kwenye risiti. Risiti niliyopewa mimi ilisomeka "kuchonga krenki 1", na kiasi cha pesa. Andika shingo ya kwanza ngapi, ya pili ngapi, mpaka ya mwisho. Ni dakika kumi za kazi, na fundi anayejua kazi yake atajivunia kuziandika. Wateja nao wasiikubali krenki bila karatasi hiyo. VETA, chuo cha ufundi stadi, wanafundisha ufundi magari hapa hapa mjini. Wakifungua hata jioni moja kwa wiki kwa sisi wa majumbani kuja na vyuma vyetu kupima, mimi nitakuja kusaidia kushika, bila malipo.

Ile Forester ilichukua krenki nyingine, iliyochongwa mbele ya macho yangu. Imeshatembea kilomita 38,000 na presha ya oili haijashuka. Vipimo vyake nimevibandika ndani ya mlango wa kabati.

Na wewe wa Nyegezi, kabla hujaiuza injini yako kwa kilo, toa krenki, futa oili, itafute maikromita popote ilipo upime shingo ambayo haijaumia. Ukipata namba, iandike kwenye gazeti hili. Nitaisoma.

Fundi wa nyumbani,
Igoma, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)