Barua kwa mwanangu, kabla hujatia saini

Mwanangu,

Sisi huku Tanga hatujambo, mvua zimeanza na cherehani imepona. Shangazi yako anakusalimu, na wa uani wote wanakusalimu. Dhumuni la barua hii ni ule mkataba wa kuigiza uliosema umepewa. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama, sawa mama," halafu unakata.

Unamkumbuka Fernando Colunga? Usiseme humjui, ulikuwa unasinzia mapajani mwangu wakati wanawake wa uani tukimtazama. Yule Mmexico wa tamthilia ya mapacha. Akiinua nyusi moja, uani kimya, hata anayekaanga samaki anasahau moto. Midomo inasema Kihispania, sauti inatoka Kiingereza, na dada yako anatufasiria Kiswahili, kwa hiyo mpaka neno la mapenzi litufikie, mwenyewe ameshatoka chumbani na kufunga mlango.

Uliponiambia kwamba ukutani unaruka wewe na uso unaoonyeshwa ni wa stelingi, na kwamba jambo hilo linakuuma, nikamfikiria huyo. Colunga alizaliwa Mexico City mwaka 1966, akasomea uhandisi wa ujenzi. Kwenye runinga hakuingia kwa mlango wa mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni kubwa ya huko, Televisa, ilikuwa na tamthilia inayoitwa Dulce desafío, na stelingi wake alikuwa Eduardo Yáñez. Colunga alichukuliwa ili pale pa hatari aanguke yeye badala ya Yáñez. Kazi yako hiyohiyo, baba. Akapita pia kwenye chuo cha uigizaji cha Televisa yenyewe, kinaitwa CEA, ambacho kimelisha tamthilia zao waigizaji kwa miaka na miaka.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ninapopapenda. Kulikuwa na tamthilia tatu za yule mwimbaji Thalía, wenyewe wanaziita za Maria. Ya kwanza María Mercedes, mwaka 1992. Mpenzi wa Thalía humo ni Arturo Peniche, na Colunga ni kijana wa mtaani tu, Chicho, anapita na kutoka. Ya pili Marimar, 1994. Stelingi Eduardo Capetillo, Colunga ni rafiki yake stelingi, wa kusimama pembeni na kusikiliza shida za mwenzake. Ya tatu María la del barrio, 1995. Hapo sasa Thalía analia na Colunga, anaolewa na Colunga, anaachwa na Colunga. Na ile hadithi haikuwa mpya, ilishatengenezwa mwaka 1979 kwa jina la Los ricos también lloran, wakicheza Verónica Castro na Rogelio Guerra. Kwa hiyo hata alipofika kiti cha mbele, kiti chenyewe kilikuwa na joto la mtu mwingine. (Ingawa ukiniuliza mimi, ile tamthilia ilibebwa na adui, Soraya wa Itatí Cantoral. Watu mpaka leo wanarushiana vipande vyake kwenye simu akimfokea yule msichana wa kiti cha magurudumu.)

Halafu ikaja Esmeralda, 1997, na La usurpadora, 1998, hiyo ndiyo ya mapacha. Gabriela Spanic kutoka Venezuela anacheza wote wawili: Paola tajiri mwenye roho mbaya, na Paulina maskini anayelazimishwa kwenda kukaa nyumbani kwa Paola kama mke, mwaka mzima, ili Paola mwenyewe akatanue. Colunga ni mume, Carlos Daniel, na hajui kwamba mke amebadilishwa. Nimeitazama tena juzi kwenye simu, safari hii kwa jicho lako. Mara nyingi mapacha wanapokutana, mmoja unamwona uso, mwingine unamwona kisogo na bega. Kile kisogo ni cha mtu, mwanangu. Kuna binti alivaa nguo ileile, akasukwa nywele zilezile, akasimama palepale ili Spanic apate wa kumtazama machoni. Zamani sikumwona kabisa. Sasa siwezi kuacha kumwona.

Lakini sikuandiki ili nikwambie vumilia nawe utakuwa Colunga. Waliovumilia ni wengi na majina yao hatuyajui. Nimeandika kwa sababu ya ile miaka mitatu uliyosema jamaa wanataka usiigize kwa mtu mwingine yeyote.

Televisa walikuwa na mikataba ya namna hiyo. Mwigizaji ni wao, haonekani kwingine. TV Azteca, kampuni nyingine ya runinga ya huko, ilipoingia mikononi mwa watu binafsi mwaka 1993 na kuanza kushindana nao, aliyehamia huko alijua kwamba kurudi ni shida, milango ilikuwa inafungwa. Kwa hiyo ukitazama kazi za Colunga utaona ni nyumba moja miaka mingi. Ngazi alizopanda zinaonekana vizuri kwa sababu zote zimo ndani ya jengo moja: mbadala, Chicho, rafiki wa stelingi, stelingi. Wakamvalisha nguo za karne ya 19 kwenye Amor real, 2003, na Adela Noriega, wakampeleka zama za ukoloni wa Hispania kwenye Alborada, wakamfanya haramia kwenye Pasión. Mwaka 2007 alitoka kidogo akacheza filamu huko Los Angeles, Ladrón que roba a ladrón, ya wezi wanaomwibia tapeli anayewauzia wahamiaji dawa za uongo kwenye runinga. Akarudi kwenye tamthilia.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Tamthilia ya Mexico inaonyeshwa Jumatatu mpaka Ijumaa, zile za zamani nyingi zilipita sehemu mia, na mara nyingi bado wanarekodi huku watu wameshaanza kutazama. Hakuna nafasi ya kukariri. Waigizaji wengi wa Televisa wanawekewa sikioni kifaa kidogo, mtu anakaa kando na karatasi anawasomea, wao wanalia huku wanasikiliza neno linalofuata. Wapo wanaowacheka kwa hilo. Mimi nilipolisoma nilimheshimu zaidi: jaribu wewe kumwambia mtu unampenda huku kuna sauti nyingine inakwambia sasa geuka kushoto.

Ila, na hii "ila" uisome mara mbili, wale waliofungwa na Televisa walikuwa wanalipwa hata wakikaa nyumbani bila kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kufungwa. Kampuni inakuzuia usile kwingine, basi inakulisha. Miaka ya 2010 ilipokuwa inaisha na fedha za matangazo zinapungua, Televisa wakaanza kuipunguza mikataba hiyo, na waigizaji wakatawanyika. Colunga alikuwa ameshacheza adui kwenye Pasión y poder, 2015, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, na baada ya hiyo hatukumwona kwenye tamthilia miaka mingi. Mwaka 2023 akatokea na mbili. El Conde ilikuwa ya Telemundo, kampuni ya Marekani iliyo mshindani wa Televisa. El maleficio, ambamo ni tajiri aliyefunga mapatano na shetani, ilikuwa ya Televisa wenyewe. Mwaka mmoja, nyumba mbili. Angefanya hivyo mwaka 1995, angetafuta kazi ya uhandisi.

Wewe umesoma kipengele cha kukufunga ukakielewa. Nilipokuuliza kipengele cha kukulipa ukisubiri, ukasema "hicho hakijakaa wazi." Hakijakaa wazi, au hakipo? Kama hawapigi picha miezi sita, na kwingine huruhusiwi, kodi ya chumba Dar es Salaam nani atalipa? Mimi nashona sare za shule, baba, na shule zikifungwa nafunga na mimi.

Najua una hamu, na hiyo sehemu ya kuongea waliyokuahidi ni ya kweli, kitu ulichokitaka tangu uko darasa la tano. Sikukatazi. Ningekuwa mimi, ningesema nikubali mwaka mmoja na si mitatu, na nje ya miezi ya kurekodi niruhusiwe matangazo na kuingiza sauti kwenye tamthilia za kigeni, maana sauti yako nzuri na uso hauonekani huko. Wakikataa vyote, basi angalau utakuwa umejua unazungumza na watu wa namna gani.

Usitie saini kabla ya Jumamosi. Piga picha kurasa zote, siyo ule wa mwisho tu wenye mahali pa jina lako, umtumie mjomba wako. Amekaa mahakamani na makarani miaka mingi, anasoma polepole lakini anasoma. Na uwaulize ukiteguka tena kama ulivyoteguka mwezi uliopita, hospitali analipa nani, maana kwenye yote uliyonisimulia hilo sijalisikia.

Mama yako