Upinde hautaki pupa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaojifunza kuchonga pinde: msikimbilie kufunga ugwe. Upinde wangu wa kwanza niliuchonga kwa mti mbichi. Ukabaki umejikunja hata nilipouvua ugwe. Wa pili ulinivunjikia mkononi, kwa kuwa tezo ilikata nyuzi za mti za mgongoni, upande unaotazama shabaha. Mgongo huvutika, tumbo, upande unaomtazama mpiga mshale, hubanwa. Basi mgongoni fuateni pete moja ya mti, yaani tabaka moja la ukuaji wake, toka ncha hadi ncha, mpunguze tumboni tu. Mkishakwangua kidogo, uvuteni polepole mara 20 au 30, mtazame kama juu na chini panapinda sawa. Kwangueni palipo pagumu, kamwe si palipolegea. Siku hizi gogo nililolipasua hulikausha mwaka mzima, ncha nimezipaka nta zisipasuke.

Mchonga pinde