Barua ya wazi kwa wifi yetu wa Malindi: uzi ukikatika, itazame pamba

Wifi,

Picha ya uzi wa pamba uliousokota kwa mkono tumeiona. Hapa mnene kama kamba ya jahazi, hapa mwembamba kama unywele, kisha umekatika. Mkono wako hauna neno, wasikutishe. Pamba ndiyo hukuitengeneza.

Kilo moja ya pamba yenye mbegu, hii ilimwayo Mpeketoni, hutoa nyuzi kama gramu 330 tu. Mbegu usizichomoe kwa kucha, utachoka na nyuzi utazikata. Ianike pamba juani ikauke, kwani yenye unyevu mbegu zake hupondeka na kuitia madoa ya mafuta. Weka konzi moja juu ya jiwe laini, usukume ufito mwembamba wa chuma kama unavyosukuma chapati: mbegu hutoka mbele, nyuzi hubaki nyuma.

Kisha chukua upinde wa kuchambulia pamba, na hapa usiwe na haraka kabisa. Kamba yake iguse lundo la nyuzi juu juu, uipige kwa kidole. Ikizama, nyuzi hujiviringa vifundo. Kila mlio hurusha utando mwepesi, na takataka huanguka chini. Endelea mpaka ukiinua pamba kwenye mwanga usione kifundo hata kimoja. Kifundo kikipita, uzi hunenepa pale, na msokoto wote hukimbilia palipo pembamba. Pembamba pakajikaza mno, penye unene pakabaki pamelegea, pakachomoka. Ndiyo picha yako hiyo. (Milango ifungwe. Kusi haina huruma na pamba.)

Pamba iliyochambuka iviringishe kwenye kijiti kinene kama penseli, ukichomoe, basi.

Kijiti cha kusokotea na kisahani chake visizidi gramu 20, na ncha izunguke ndani ya kifuu. Usikining'inize: nyuzi za pamba hazifiki hata sentimita 4, hazibebi uzito kabla hazijasokoteka. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati viwe visahani vya kusokotea. Mkono wa kulia zungusha kijiti, wa kushoto rudi nyuma na pamba taratibu. Legeza uzi kidogo: ukijipinda wenyewe, umeiva, ukilala tu, zungusha tena.

Rangi ingoje. Pamba mbichi ina nta, na rangi haishiki. Fungia shada la uzi legelege mahali 4, lisije likavurugika, ulichemshe saa 2 kwa sabuni na kijiko cha magadi kwa kila gramu 100. Maji yatageuka kama chai ya mkandaa. Mwaga, rudia, hadi yabaki meupe.

Na ile sufi ya kujazia mito uliyotuulizia, iache mitoni. Ni fupi, inateleza, msokoto hausimami.