Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: hesabuni wanafunzi wa maarifa ya jadi, si saa za rekodi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Wainka, watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, waliweka hesabu zao kwa mafundo. Kamba moja nene hulazwa, nyingine nyingi huning'inia kutoka kwayo, na kila fundo lina mahali pake: mamoja chini, makumi juu yake, mamia juu zaidi. Ndiyo khipu. Walikuwapo watu waliofunzwa kuzifunga na kuzisoma, hadi mwaka 1583 baraza la maaskofu huko Lima, Peru, lilipoamuru ziharibiwe. Zilizosalia zimetunzwa vizuri katika makumbusho, na tarakimu zake zinasomeka tangu mtafiti Mmarekani Leland Locke alipoonyesha njia mwaka 1912. Lakini zipo khipu zisizofuata utaratibu huo wa hesabu, na hizo hakuna anayezisoma. Kamba ipo, rangi ipo, fundo lipo. Msomaji hayupo.

Sasa tazama kisiwa cha Simeulue, magharibi ya Sumatra, Indonesia. Mwaka 1907 mawimbi ya tsunami yaliua watu wengi pale. Walionusurika waliacha neno moja, smong, jina lao la mawimbi hayo, wakalitia katika masimulizi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, miaka 97 baadaye, bahari ilirudi nyuma tena. Kisiwa kile cha watu zaidi ya 70,000 kilipoteza watu 7, ilhali pwani ya Aceh, kaskazini mwa Sumatra, ng'ambo ya kisiwa hicho, walikufa zaidi ya laki moja. Watu waliona dalili, wakajua kinachofuata, wakapitisha onyo kizazi hadi kizazi. Mimi naiita sayansi.

Lakini miradi ninayoijua ya kuhifadhi maarifa kama haya huanza na kinasa sauti. Mzee hukalishwa, huulizwa, hurekodiwa, kisha mradi hufungwa. Wakati huohuo mjukuu wake yuko darasani, akifundishwa kwa lugha ambayo babu haielewi. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Sina ugomvi na rekodi. Ila Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal katika Bahari ya Pasifiki, aliyeongoza ngalawa Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila dira, alianza kufunzwa na babu yake akiwa bado mtoto mchanga, akikalishwa katika vidimbwi vya bahari ili mwili wake uzoee mwendo wa maji. Hilo huwezi kulirekodi. Baadaye yeye mwenyewe aliwafundisha Wahawaii, na leo wapo wanaosafiri kwa nyota.

Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Watu wa Asili unaisha mwaka 2032, na ninyi ndio mnaouongoza. Naomba kila mradi mnaoufadhili utaje ni vijana wangapi wanajifunza, kwa nani, kwa lugha gani. Mzee anayefundisha alipwe kama mwalimu yeyote. Na yale ambayo jamii inayaweka siri yabaki mikononi mwao, kama Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu Haki za Watu wa Asili linavyowapa haki.

Nasubiri jibu lako.

Kwa heshima,
Mwalimu wa lugha